Maji ya Chupa: Yapimwe Kwanza, Ndipo Yaaminiwe



Ndugu waamini, siku hizi ni vigumu kukuta sherehe ya parokia isiyo na katoni za maji ya chupa. Iwe ni Kipaimara, Upadrisho, jubilei ya ndoa au msiba, kamati ya chakula huhesabu maji pamoja na mchele na nyama. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini huletewa maji ya chupa na ndugu zake. Msafiri hununua chupa kupitia dirisha la basi na kuinywa kabla gari halijaondoka stendi. Mama anayemtayarishia mtoto uji au maziwa huyachagua maji hayo kwa sababu anayaona kuwa salama kuliko ya bomba au ya kisima.

Mara nyingi hakosei. Hata hivyo, inafaa kujiuliza imani hiyo imejengwa juu ya nini. Chupa inayong'aa, kifuniko kilichobana na picha ya mlima wenye theluji havitoi ushahidi wowote juu ya kilichomo ndani. Ushahidi hutolewa na upimaji, tena upimaji unaorudiwa. Makala hii inaeleza jinsi maji ya chupa yanavyopimwa, mambo ambayo vipimo hivyo vinaweza na visivyoweza kutuambia, na kwa nini jambo hili linaigusa dhamiri ya Mkristo, awe ni mnywaji, muuzaji, au parokia yenye mradi wa maji.

Macho na ulimi havitoshi

Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao vya maji: rangi, harufu na ladha. Vipimo hivyo vina maana hata leo, na maabara huanza navyo. Lakini haviwezi kutufikisha mbali. Ukubwa wa bakteria hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na mililita moja ya maji inaweza kubeba maelfu mengi ya bakteria huku ikibaki angavu kama kioo. Madini ya floraidi, nitrati na metali ya risasi huyeyuka ndani ya maji bila kuacha rangi wala harufu ya kutuonya.

Historia inatupa mifano. Mwaka 1974 kipindupindu kilienea nchini Ureno. Wachunguzi waliofuatilia njia za maambukizi waligundua kwamba mojawapo ilikuwa maji ya madini ya chupa, yaliyotoka katika chemchemi ya miamba ya chokaa. Miamba ya namna hiyo ina nyufa nyingi, na maji machafu ya juu yanaweza kuteremka hadi kwenye chemchemi bila kuchujwa vya kutosha na udongo. Watu waliyanunua maji hayo kwa ajili ya afya zao, wakapata ugonjwa.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1990. Maabara moja ya umma katika jimbo la North Carolina, Marekani, ilikuwa ikitumia maji ya Perrier kutoka Ufaransa katika kazi zake za kila siku, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa safi kiasi cha kufaa kulinganishiwa na maji mengine. Wataalamu wakaona vipimo vyao vinaonyesha benzeni, kemikali inayohusishwa na saratani ya damu. Walipotafuta chanzo, wakakuta ni yale maji yenyewe waliyoyaamini. Ilibainika kwamba benzeni huwamo kwa asili katika gesi ya chemchemi hiyo, na kwamba vichujio vilivyopaswa kuiondoa havikubadilishwa kwa wakati. Chupa zipatazo milioni 160 ziliondolewa sokoni duniani kote.

Mifano hii miwili ina fundisho moja. Umaarufu wa chemchemi au ukubwa wa jina hauchukui nafasi ya kipimo, wala kipimo cha mwaka jana hakiwezi kushuhudia maji ya leo.

Maabara inatafuta nini

Upimaji mzuri huanza kabla ya maabara, yaani katika kuchukua sampuli. Chupa za kupimwa zinapaswa kuchukuliwa zikiwa bado zimefungwa, kutoka toleo linalojulikana la uzalishaji, na asiwepo mwenye kiwanda wa kumchagulia mkaguzi zile anazozipenda. Kwa maji ya kisima au ya bomba yanayoingia kiwandani, mchukuaji hutumia chupa tasa isiyo na kimelea chochote, huiweka katika boksi lenye barafu, na kuifikisha maabara haraka: ikiwezekana ndani ya saa 6, na isizidi saa 24. Sampuli iliyoshinda juani juu ya pikipiki haiwezi kutoa jibu la kweli.

Maabara hupima mambo ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni hali ya jumla ya maji: rangi, harufu, ukungu au tope, wingi wa madini yaliyoyeyuka, na kiwango cha asidi. Kiwango hiki cha mwisho huitwa pH, na kwa maji ya kunywa yaliyosafishwa hutakiwa kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Namba hizi peke yake haziui wala haziponyi, lakini zikibadilika ghafla humwambia fundi kwamba kuna jambo limetokea kisimani au katika mitambo.

Aina ya pili ni kemikali. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, nitrati isizidi miligramu 50, na aseniki na risasi kila moja isizidi miligramu 0.01. Nitrati hutoka zaidi katika mbolea, mazizi na vyoo vilivyo karibu na visima. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, kwa sababu ikizidi huifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni ya kutosha. Risasi huathiri ubongo wa mtoto anayekua. Ubaya wa kemikali hizi, hasa risasi na aseniki, ni kwamba huumiza taratibu kwa miaka, na mtu hawezi kukumbuka siku aliyoanza kuugua.

Aina ya tatu, iliyo ya haraka kuliko zote, ni vimelea. Maabara haiwezi kutafuta kila kimelea cha kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu katika kila chupa. Kwa hiyo hutafuta shahidi mmoja: bakteria aitwaye Escherichia coli, kwa kifupi E. coli, ambaye makao yake ni utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Akionekana ndani ya maji, ni ishara kwamba kinyesi kimefika humo, na palipofika kinyesi magonjwa yanaweza kufika. Mtaalamu hupitisha mililita 100 za maji katika utando wenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupita. Utando huo huwekwa juu ya chakula cha bakteria ndani ya kisahani, kisha katika kabati la joto la nyuzi 44 kwa muda wa siku moja hivi. Kila bakteria aliyekuwa hai huzaa kundi linaloonekana kwa macho kama kidoa, na vidoa hivyo huhesabiwa. Jibu linalokubalika kwa maji ya kunywa ni sifuri.

Kwa maji ya chupa, viwango vya kimataifa huangalia pia bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Huyu hupenda kukaa katika mabomba yenye unyevu, matangi na mashine za kujazia. Akiwapo, maana yake usafi wa kiwanda chenyewe umelegea. Mtu mwenye afya njema huenda asidhurike naye, lakini mgonjwa mwenye kidonda kikubwa au kinga dhaifu anaweza kudhurika sana, na huyo mara nyingi ndiye tunayempelekea maji ya chupa wodini.

Jambo linalotuhusu kaskazini: floraidi

Kwa ndugu zetu wanaoishi kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na katika Bonde la Ufa kwa jumla, floraidi inahitaji maelezo ya pekee. Madini haya hutoka katika miamba ya volkano na kuingia katika chemchemi na visima. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka, katika miaka yake minane hivi ya kwanza, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosafishika. Kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Kwa muda mrefu Tanzania ililazimika kuruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu vyanzo vingi vilikuwa na zaidi ya kile kiwango cha 1.5.

Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Mama anayechemsha maji huua vimelea, na afanye hivyo kila siku. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ndani ya sufuria, na kila lita iliyosalia huwa na floraidi zaidi kuliko mwanzo. Kuiondoa kunahitaji njia nyingine, kama mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando maalumu, au mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mkaa huo. Kwa jirani zetu wa Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha mpango wa kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili ya familia na jumuiya, likiwa na maabara ya kupimia maji. Huu ni utume wa huruma wenye darubini na vipimo, na Kanisa halina sababu ya kuuonea haya.

Kwa mnunuzi wa maji ya chupa katika kanda hii, swali la floraidi ni la haki kabisa. Chupa iliyojazwa kutoka kisima cha eneo letu na kuchujwa kwa mchanga na mkaa wa kawaida inaweza kuwa haina kimelea hata kimoja, na bado ikawa na floraidi nyingi. Soma kibandiko. Kama kiasi cha floraidi hakikuandikwa, muulize mtengenezaji.

Vipimo vya mtaani vinavyopotosha

Wapo wachuuzi wanaopita majumbani, maofisini na hata katika viwanja vya kanisa wakionyesha vifaa vya kupimia maji. Kimoja ni kikalamu kidogo chenye namba. Kifaa hiki ni halali, ila kazi yake ni moja tu: kukadiria wingi wa madini yaliyoyeyuka kwa kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakiwezi kuona bakteria, wala kutofautisha chumvi isiyodhuru na floraidi. Maji ya mto yenye kinyesi yanaweza kupata namba ndogo, na maji salama ya chemchemi yakapata namba kubwa. Anayesema kwamba namba ndogo ndiyo usalama, ama hajui au anauza kitu.

Kingine ni kifaa chenye vyuma viwili au vinne vinavyotumbukizwa katika bilauri mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yaliyochujwa na mtambo anaouuza. Baada ya muda mfupi maji ya bomba hugeuka kahawia na kutoa povu chafu, na watazamaji hushika midomo. Ukweli ni kwamba uchafu huo ni kutu ya vyuma vyenyewe. Umeme unapita vizuri katika maji yenye madini ya kawaida na kuviozesha vyuma, lakini haupiti vizuri katika maji yaliyoondolewa madini. Onyesho hilo halipimi usalama wa maji. Linapima woga wetu.

Kipo kipimo rahisi ambacho kina manufaa. Ni kichupa chenye kemikali inayogeuka nyeusi ndani ya siku moja hadi tatu ikiwa maji yana bakteria wanaotoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambao wengi hutoka katika kinyesi. Afisa wa afya anaweza kukitumia kijijini pasipo na maabara. Kikigeuka cheusi, acheni kunywa maji hayo na tafuteni kipimo kamili. Kisipogeuka, msijipe cheti, kwa kuwa kipimo hiki ni cha kutahadharisha tu.

Alama ya ubora na mipaka yake

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha maji ya kunywa yaliyofungashwa, kinachojulikana kama EAS 153. Kwa Tanzania, msimamizi ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limepewa pia jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya TFDA. Mtengenezaji anayestahili hupewa leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS. Kwa ndugu zetu wa Kenya kazi hiyo ni ya KEBS.

Alama hiyo ni muhimu, na maji ya kuuzwa yasiyo nayo yasinunuliwe. Lakini tuielewe vizuri. Maana yake ni kwamba kiwanda kimekaguliwa, sampuli zimepimwa na kufaulu, na mwenyewe amekubali kuendelea kukaguliwa. Haina maana kwamba mtu wa serikali aliipima chupa uliyoishika. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine kuna siku nyingi, na katika siku hizo maji yanalindwa na uaminifu wa watu wa kiwandani: anayesafisha tangi, anayebadilisha kichujio, anayeandika kipimo cha asubuhi daftarini bila kukibuni. Hapo sheria hufikia ukomo wake, na dhamiri hushika usukani.

Kisha kuna chupa ikishatoka kiwandani. Mwezi Aprili 2016, katika jimbo la Catalonia nchini Hispania, watu zaidi ya 4,000 waliugua kutapika na kuhara kwa sababu ya virusi vilivyokuwa katika maji ya madumu makubwa ya maofisini. Tukio hilo lilikumbusha kwamba kipimo cha bakteria hakitoshi kuhakikisha kwamba hakuna virusi, na kwamba ulinzi lazima uanzie kwenye chemchemi yenyewe. Linatukumbusha pia jinsi dumu moja la lita 20 linavyonywesha watu wengi. Madumu hayo hurudishwa na kujazwa tena, na mashine za kutolea maji huwa na mabomba ambayo wengi hawajayasafisha tangu zinunuliwe.

Hatari iliyo karibu zaidi na watu wetu maskini ni chupa zilizookotwa na kujazwa upya, pamoja na maji ya kandoro yanayofungwa katika vifuko bila jina la mtengenezaji. Anayeyanunua hana uwezo wa kununua mengine, na ana kiu. Hastahili kulaumiwa. Anastahili maji salama.

Mafundisho ya Kanisa na dhamiri zetu

Hayati Papa Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa sababu bila maji hayo uhai hauwezekani na haki nyingine hazina pa kusimama. Alisikitika pia kuona maji yanageuzwa kuwa bidhaa inayotawaliwa na soko, huku maskini wakibaki na yale yaliyo duni. Tukiyapokea mafundisho hayo, hatuwezi kusema kwamba tatizo la maji limekwisha kwa sababu sisi tunaweza kununua katoni. Parokia inayowanywesha wageni wake maji ya chupa, huku watoto wa shule yake wakinywa ya kisima ambacho hakijapimwa kamwe, bado ina kazi ya kufanya.

Amri ya Tano inatudai kulinda uhai na afya, yetu na ya jirani. Amri ya Saba inatudai haki katika biashara, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu udanganyifu wa kibiashara na kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa dhidi yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliochezea mizani ili kumnyonya maskini. Cheti cha maabara kilichoghushiwa, au namba ya kipimo iliyobuniwa, ni mizani ya uongo ya siku zetu. Tofauti ni kwamba ile ya Amosi ilimwibia mtu nafaka, na hii inaweza kumwibia mtoto.

Amri ya Nane nayo inahusika, kwa pande mbili. Inamkataza mtengenezaji kuandika kwenye kibandiko jambo ambalo hakulipima. Vilevile inatukataza sisi kusambaza katika makundi ya WhatsApp habari kwamba maji ya kampuni fulani yana sumu, ilhali hatuna kipimo chochote mkononi. Mwenye kiwanda mwaminifu ana haki ya jina lake jema. Kipimo cha kweli humlinda mnywaji, na humlinda yeye pia.

Liturujia yenyewe inatuelekeza huko. Utangulizi wa ibada ya kuwaingiza watu katika Ukristo unaagiza kwamba maji ya Ubatizo yawe maji halisi, masafi, kwa ajili ya ukweli wa ishara na pia kwa ajili ya afya. Ikiwa Kanisa linajali usafi wa maji yanayomwagwa juu ya kichwa cha mtoto, litajali pia yale yanayoingia kinywani mwake.

Tufanye nini

Kwa familia na kamati za sherehe, mambo machache yanatosha kuanzia.

Kwanza, tazameni chupa kabla ya kulipa: jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, alama ya TBS. Kifuniko kinapofunguliwa, pete yake ikatike. Kikizunguka bila kukata chochote, rudisheni chupa.

Pili, hifadhini katoni kivulini, mbali na mafuta ya taa, petroli na dawa za mimea. Plastiki hupitisha harufu, na joto kali la muda mrefu hubadilisha ladha na kuongeza kemikali za plastiki zinazoingia katika maji.

Tatu, safisheni mashine za madumu mara kwa mara kama mwongozo wake unavyoelekeza, pamoja na bomba lake, na anayebadilisha dumu anawe mikono kwanza.

Nne, sherehe ikiisha, kusanyeni chupa, zibonyezeni na kuzipeleka kwa wanaozirejeleza, zisije zikaokotwa na kujazwa tena.

Tano, mkishuku maji, msiyamwage. Hifadhini chupa pamoja na namba yake ya toleo, na mtoe taarifa kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS ya kanda.

Kwa parokia, shule na mashirika ya kitawa yenye miradi ya kufungasha au kuuza maji, madai ni makubwa zaidi, kwa kuwa watu hununua kwetu wakiliamini Kanisa. Kisima kipimwe kikamilifu, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa maana mvua hubadilisha maji ya ardhini. Vipimo vya kila siku viandikwe daftarini, na daftari liwe wazi kwa anayetaka kulisoma. Vichujio vibadilishwe kwa tarehe, visingoje kuharibika. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo katika mikoa, na malipo yake yaingizwe katika bei ya maji tangu siku ya kwanza ya mradi. Jibu likija baya, mauzo yasimame siku hiyohiyo, hata kama oda ya sherehe ya Askofu imekwisha kulipiwa. Mradi usioweza kugharimia kipimo bado haujawa tayari kuuza maji.

Maelekezo haya yana gharama na usumbufu, na mara nyingi hayatapata makofi, kwa sababu kipimo kilichofaulu hakina habari ya kusimulia: hakuna aliyeugua. Lakini Bwana wetu alisema kwamba hata kikombe cha maji ya baridi anachopewa mmoja wa wadogo hawa hakitakosa thawabu. Tuwe na hakika ya kilichomo ndani ya kikombe hicho kabla hatujampa.